Dari za Bati Lenye Matundu na Upunguzaji wa Makelele

Katika ukumbi wa benki wenye sakafu ya terazo na kuta za saruji, mteja hulazimika kupaza sauti ili karani amsikie. Mteja wa dirisha la pili naye hupaza yake. Tabia hii ya binadamu ilielezwa na tabibu Mfaransa, Étienne Lombard, mwaka 1911. Hivyo makelele huzaa makelele, na tarakimu ya fedha iliyosikika vibaya huleta hasara.

Je, dari ya bati yaweza kutuliza hali hiyo? Bati tupu haliwezi, kwani uso mgumu hurudisha karibu nishati yote ya sauti inayoufikia. Bati lenye matundu madogo ni jambo jingine. Mawimbi ya sauti hupenya matundu hayo na kuingia katika tabaka la sufu ya mawe lililolazwa juu yake. Humo hewa husuguana na nyuzi, na nishati ya sauti hugeuka kuwa joto dogo mno. Nafasi ya hewa ikiachwa juu ya sufu, sauti nzito nazo hufyonzwa vizuri zaidi.

Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyeanza uchunguzi wake mwaka 1895, alituachia kanuni hii:

T = 0.16 × V ÷ A

T ni muda, kwa sekunde, ambao sauti hushuka kwa desibeli 60 baada ya chanzo chake kunyamaza. V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo. A ni jumla ya ufyonzaji, yaani eneo la kila uso mara kizigeu chake.

Mfano: Ukumbi una urefu wa mita 20, upana 15 na kimo 4; basi V = 1200. Tuchukue kizigeu 0.05 kwa nyuso zote ngumu, na ufyonzaji wa 0.4 kwa kila mtu, watu wakiwa 40.

Kuta na sakafu: 580 × 0.05 = 29
Dari ngumu: 300 × 0.05 = 15
Watu: 40 × 0.4 = 16

A = 60, na T = sekunde 3.2. Tukiweka dari ya matundu yenye kizigeu 0.7, dari pekee hufyonza 210. A huwa 255, na T hushuka hadi sekunde 0.75. Mvumo wa ukumbi nao hupungua kwa desibeli 6 hivi.

Tahadhari mbili zafaa. Kwanza, dari hii haizuii sauti kupita chumba cha pili; ukuta wa kutenga vyumba usiishie darini, bali upande hadi juu. Pili, rangi ikiziba matundu, faida yote hupotea.

Zoezi: Pimeni darasa lenu, kisha tafuteni T likiwa tupu na likiwa na wanafunzi 40. Pigeni kofi moja katika kila hali. Je, masikio yenu yanakubaliana na hesabu?