Somo la Mwezi: Wiki ya Hakathoni Doha, Jipange Kabla ya Jumapili

Mara hii tunajifunza jinsi ya kujiandaa kwa warsha ya kisayansi ya wiki nzima, ile inayoitwa hakathoni. Wengi wetu tulikuja Doha kulinda mageti, kuendesha magari au kufanya kazi za nyumbani, huku vyeti vya kompyuta, vya maabara au vya hesabu vikiwa chini ya sanduku. Warsha kama hizi ni mlango wa kuvitoa tena. Lakini mtu anaweza kupata nafasi na bado akaipoteza kwa jambo dogo la mpango.

Maneno ya somo

- Hakathoni: warsha ya siku chache ambamo watu hugawanyika katika vikundi na kutengeneza suluhisho la tatizo moja kwa kutumia kompyuta na data.
- Mratibu: anayeendesha warsha na kupanga ratiba.
- Mfano wa awali: kitu cha kwanza kinachofanya kazi, hata kama hakijakamilika.
- Wasilisho: maelezo ya mwisho ya kikundi mbele ya majaji.
- Zamu: saa zako za kazi.

Kisa cha kujifunza

Kijana mmoja, mlinzi, alichaguliwa kuhudhuria warsha ya wiki moja. Ujumbe ulisema: kuanza 09:00. Mkuu wao wa zamu alikubali abadilishane na mwenzake. Usiku ule alimwambia mwenzake:

— Kaka, kesho nishikie geti. Warsha inaanza saa tisa, nataka niwahi.

— Usijali ndugu yangu. Nitafika mapema.

Mwenzake ni mtu wa Tanga. Kwake saa tisa ni saa tisa ya mchana. Alifika saa nane, tena akidhani amewahi sana. Mlinzi wetu hakuweza kuacha geti tupu, kwa hiyo alisubiri tangu asubuhi. Alipofika ukumbini vikundi vilikuwa vimeshaundwa na matatizo yameshagawanywa. Alisoma takwimu chuoni, lakini akawekwa kwenye kikundi cha kuchora kurasa za programu. Wiki nzima alikuwa mgeni kwenye kazi ya wengine.

Hakuna aliyemdanganya, wala mwenzake hakuwa na kosa. Alisoma saa ya Kiingereza na kuitamka kwa Kiswahili.

1. Saa na siku

Saa za Doha ni sawa na za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na hazibadilishwi kiangazi wala kipupwe. Ukipiga simu nyumbani huhitaji kuhesabu, isipokuwa nyumbani ni Goma au Bukavu, ambako wako nyuma kwa saa moja. Kinachotuchanganya ni namna ya kuitamka saa. Unapoona 09:00, toa sita: ni saa tatu asubuhi. Ukiona 14:00, ni saa nane mchana. Unapompa mtu miadi, taja zote mbili: “Saa tatu asubuhi, yaani 09:00.”

Siku nazo zina mtego. Wiki ya kazi Qatar huanza Jumapili na kuisha Alhamisi. Mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Basi “wiki nzima” kwa kawaida ni siku tano, na siku ya kwanza ni Jumapili. Zaidi ya hapo, Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, nasi tunaanza Jumamosi. Kwao *al-ahad*, siku ya kwanza, ni Jumapili yetu. *Al-ithnayn* ina maana ya mbili, lakini ni Jumatatu yetu. Mtu akikutajia siku kwa namba, muulize tarehe. Alhamisi na Ijumaa ndizo hazina utata, maana majina hayo tumeyachukua kwao.

2. Ruhusa ya kazini

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Sheria ya kazi ya Qatar inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya wiki tatu akiwa hajatimiza miaka mitano ya utumishi, lakini haki hiyo huja baada ya kumaliza mwaka mmoja. Kama una miezi minne tu, wiki ya warsha inategemea makubaliano yako na mwajiri. Ukiondoka bila ruhusa, mwajiri anaweza kuripoti kwamba umetoroka kazini, na kesi ya namna hiyo inagusa kibali chako cha kuishi.

Basi omba kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiarabu, mapema iwezekanavyo. Barua iwe fupi na iwe na mambo matano:

1. Jina lako, namba ya kitambulisho chako cha Qatar na kazi yako.
2. Jina la warsha, mahali na tarehe, pamoja na nakala ya barua ya mwaliko.
3. Siku na saa unazoomba kuwa nje.
4. Nani atashika zamu yako, naye awe amekubali.
5. Lini utarudi kazini.

Usiridhike na “sawa, nenda” ya mdomoni. Omba jibu kwa ujumbe au barua pepe, ulihifadhi. Kama mwajiri amekataa siku tano, mwulize mratibu kama unaweza kuja siku ya kwanza na ya mwisho. Siku ya kwanza ndipo vikundi huundwa, usiikose hiyo.

Jambo jingine: ukipendwa na mtu kwenye warsha akakuahidi kazi, furahi, lakini usianze kumfanyia kazi kesho yake. Tangu 2020 mfanyakazi hahitaji tena barua ya mwajiri wa zamani ili abadilishe kazi. Hata hivyo lazima utoe notisi (mwezi mmoja kama hujazidi miaka miwili kazini, miwili kama umezidi) na mabadiliko yapitie Wizara ya Kazi kwanza.

3. Vitu vya kubeba

*Kitambulisho.* Majengo ya vyuo yana walinzi, nao watakuomba kadi yako ya Qatar. Kama kadi haijatoka, beba pasipoti na barua ya mwaliko. Pasipoti ni mali yako: sheria namba 21 ya 2015 inakataza mwajiri kuishikilia, isipokuwa wewe mwenyewe umeandika kumwomba akutunzie. Kama iko ofisini, iombe siku kadhaa kabla.

*Kompyuta.* Pakua programu na data mapema. Asubuhi ya kwanza watu wote huvuta intaneti kwa pamoja. Soketi za hapa ni za pini tatu bapa kama za Kenya, Uganda na Tanzania, volti 240. Ndugu wa Congo wenye plagi za pini mbili za mviringo, nunueni adapta mapema. Kama huna kompyuta, mwandikie mratibu umwambie. Si aibu; mara nyingi watu hushirikiana mashine moja.

*Sweta na chupa ya maji.* Kiangazi joto la nje hupita digrii 40, lakini ndani viyoyozi hutia baridi ya Limuru. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti.

*Dawa zako.* Ukiwa na ndugu anayesafiri kuja kuhudhuria, mwambie dawa kama tramadol na zenye kodini zimedhibitiwa sana Qatar. Asibebe dawa bila karatasi ya daktari na pakiti yake halisi, wala asimbebee mtu mwingine kifurushi.

4. Njia na nauli

Warsha nyingi za sayansi hufanyika Education City, upande wa magharibi wa jiji, vilipo vyuo vikuu kadhaa na Maktaba ya Taifa ya Qatar. Metro ya Doha, iliyofunguliwa 2019, ina njia tatu: Nyekundu, Kijani na Dhahabu. Zote hukutana Msheireb. Popote utokapo, shuka Msheireb, panda Njia ya Kijani inayoelekea Al Riffa, ushuke kituo cha Education City au Qatar National Library. Hapo kuna tramu ya bure inayozunguka vyuoni.

Kadi ya metro ni riyali 10. Safari moja ya daraja la kawaida ni riyali 2, na kwa siku nzima hukatwi zaidi ya riyali 6. Kubadilisha treni Msheireb bila kutoka nje ya kituo ni safari ileile. Hesabu ya wiki basi ni hii: kadi riyali 10, kwenda na kurudi riyali 4 kwa siku, mara siku tano riyali 20. Jumla riyali 30. Akina dada wanaosafiri peke yao wanaweza kupanda behewa la familia.

Wanaokaa Sanaiya au kambi za mbali wataanza na basi. Mabasi ya Metrolink yanayopeleka watu vituoni ni ya bure, ila andaa kadi ya Karwa au programu yake kwenye simu. Fanya safari ya majaribio siku yako ya mapumziko, uhesabu dakika, kisha ongeza nusu saa. Ukijaribu Ijumaa, kumbuka metro huchelewa kuanza siku hiyo.

Ukifika mapema, ingia Maktaba ya Taifa. Ina vitabu zaidi ya milioni moja, na meza tulivu za kufanyia kazi. Kuingia ni bure.

5. Ndani ya ukumbi

Kila warsha ina ratiba yake, lakini mwendo wa kawaida ni huu: siku ya kwanza kujuana na kuunda vikundi, ya pili na ya tatu kusafisha data na kujenga, ya nne kujaribu na kusahihisha, ya tano kuwasilisha. Ukiwa mgeni, andaa sentensi mbili za kujitambulisha: unajua nini, na unataka kujifunza nini. Usiseme “mimi ni mlinzi tu.” Sema: “Nimesoma takwimu, naweza kusafisha data.” Kikundi kinatafuta mikono, hakitafuti cheo.

Data za wagonjwa au za watu usizinakili kwenye simu yako wala kuzituma kwa rafiki. Qatar ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2016. Usipige picha za watu bila kuwaomba. Na kabla ya kusaini fomu yoyote, soma sehemu inayoeleza nani atamiliki kazi ya kikundi na zawadi itagawanywaje. Kama huielewi, iulizie kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Vyumba vya kuswalia vipo. Uliza siku ya kwanza viko wapi. Ukiugua au kukitokea ajali, namba ya dharura ni 999.

Maswali ya kujadili

1. Ratiba inasema 13:30. Utamwambiaje mwenzako kwa Kiswahili bila utata?
2. Una miezi mitano kazini na umealikwa warsha ya siku tano. Utaanza na nani, na utataka jibu la namna gani?
3. Mtu amekupenda kwenye warsha, anataka uanze kazi kwake Jumamosi. Utamjibu nini?

Zoezi la nyumbani

Andika barua yako ya kuomba ruhusa kwa kufuata mambo matano ya hapo juu, hata kama bado hujaalikwa popote. Tutaisoma pamoja darasani na kuisahihisha. Mwaliko ukija, utakuta barua iko tayari, na mwenzako wa zamu anajua saa tatu ni ipi.