Wakubwa watatu, kalenda moja

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mratibu wa utawala katika shirika moja la kimataifa hapa Nairobi, huu mwaka wa kumi na moja. Nahudumia wakurugenzi watatu, na kila mmoja akinituma, kazi yake ni ya dharura. Mwezi uliopita wawili walinihitaji saa ile ile: mmoja alitaka makabrasha ya kikao cha bajeti, mwingine alitaka tiketi yake ibadilishwe. Nikashughulikia tiketi, makabrasha yakachelewa, nikafokewa mbele ya wageni. Simu za New York zinanikuta kitandani. Mwanangu wa miaka saba ameniuliza kama bosi wangu hulala mchana. Lakini linaloninyima usingizi hasa ni hili: mkurugenzi mmoja huleta maombi yake ya safari muda ukiwa umepita, kisha huniambia niandike kwenye mfumo kwamba mwaliko ulichelewa kufika. Mwaliko huwa umefika mwezi mzima kabla, na mimi ndiye niliyeupokea. Nimeandika hivyo mara tatu. Mume wangu anasema niache kazi, lakini mshahara huu ndio unaolipa karo. Je, mimi ni mwoga?
Mama wa Ruaka

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwenye zile safari tatu. Nami nitaanzia hapo. Mengine uliyoyaandika yanachosha mwili na roho, ila hili linaweza kukutoa kazini.

Unajua kuliko mimi kwa nini mashirika haya yanataka safari iombwe mapema. Tiketi ya dakika za mwisho ni ghali, na fedha inayolipia ni ya nchi wanachama. Ndiyo maana katika Umoja wa Mataifa ombi lililochelewa hudaiwa sababu ya maandishi, na sababu hizo hukaguliwa. Mfumo wanaoutumia kwenye Sekretarieti unaitwa Umoja, neno letu wenyewe, na kama mifumo yote ya aina hiyo, unatunza jina la aliyeingiza maelezo, pamoja na tarehe. Mkurugenzi wako, miaka miwili mitatu ijayo, huenda akahamishiwa Geneva au Bangkok. Jina lako litabaki palepale ulipoliacha. Mwaliko nao upo kwenye barua pepe zako na tarehe yake. Mkaguzi akiviweka vitu hivyo viwili sambamba, hatahitaji kumhoji mtu.

Kwa hiyo kuanzia kesho usitunge sababu ya mtu mwingine. Ombi likija limechelewa, mwandikie hivi: “Mkurugenzi, ombi hili limepita muda uliowekwa na mfumo unadai sababu. Naomba uniandikie sababu hiyo kwa mistari miwili, niiambatishe kama ilivyo.” Basi. Hakuna hasira humo, wala mashtaka. Akikupigia simu badala ya kuandika, mwitikie kwa heshima zote, kisha rudia ombi lilelile: naomba mistari miwili. Uongo ni mwepesi ukiandikwa na mkono wa mwenzako. Mtu akitakiwa kuuandika mwenyewe, chini ya jina lake, mara nyingi kalamu huwa nzito.

Na zile tatu zilizopita? Sitakudanganya kwa kukupoza. Uliamriwa, na aliyekuamuru ana hatia kubwa kuliko yako, lakini maneno uliyaandika wewe. Yaseme kabla hujaulizwa. Mwendee msimamizi anayejaza tathmini yako ya kila mwaka, umweleze kilichotokea. Kama msimamizi huyo ndiye mkurugenzi mwenyewe, usiende kwake peke yako. Umoja wa Mataifa una ofisi ya usuluhishi yenye tawi hapa Nairobi, inayomsikiliza mfanyakazi kwa siri na kumweleza njia zilizopo kabla hajaamua lolote. Kama shirika lako liko nje ya mfumo huo, uliza rasilimali watu ni nani mwenye kazi kama hiyo kwenu. Nenda wiki hii. Kila safari mpya itakayoingia kwa mtindo ule itafanya maelezo yako yawe magumu zaidi kuaminika.

Sasa niingie kwenye ule mgongano wa tiketi na makabrasha.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Wewe umepewa tatu, na unajilaumu kwa kuchanika. Nami nalijua kosa hilo kwa sababu nililifanya. Kabla ya safu hii nilikuwa katibu muhtasi wa mabwana wawili kwa miaka sita, na fahari yangu ilikuwa kwamba hawajawahi kujua mipango yao inagongana. Nilikuwa nikiwahi alfajiri, namsogeza huyu nusu saa, nambembeleza mgeni wa yule kwa chai, hadi mambo yanakaa sawa. Siku moja nikaugua malaria, nikalala wiki mbili. Niliporudi sikuambiwa “tumekukosa.” Niliambiwa nimeacha ofisi katika fujo. Fujo ile ilikuwepo miaka yote sita. Mimi ndiye niliyekuwa nimeifunika kwa mwili wangu, na kwa kuifunika nilikuwa nimewafundisha kwamba haipo.

Mwanangu, kuamua kikao cha bajeti kitangulie au tiketi ya mkurugenzi itangulie si kazi yako. Huo ni uamuzi wa ngazi yao. Siku ile uliubeba kwa mshahara wa ngazi yako, halafu ukafokewa kwa kuubeba. Mara nyingine kazi mbili zikikufika kwa pamoja, waandikie wote wawili kwenye barua pepe moja: kazi hii na hii zote zinadaiwa saa nne, naweza kumaliza moja kwa saa hiyo na nyingine saa sita, naomba mkubaliane ipi itangulie. Usimwandikie kila mmoja kwa siri. Waonane. Siku ya kwanza watashangaa, pengine mmoja atakunja uso. Wacha akunje. Kisha omba robo saa ya wakurugenzi wote watatu kila Jumatatu asubuhi, na kalenda yao ya wiki moja tu mezani, uwaonyeshe mahali wanapogongana kabla siku haijafika. Wakisema hawana robo saa, waonyeshe ile wiki ya makabrasha na saa ngapi zilipotea. Una kumbukumbu zote. Wewe ndiye uliyeziandika.

Hapo hapo kwenye kikao cha Jumatatu lete habari ya simu za usiku. Saa kumi na moja jioni ya New York ni saa sita ya usiku wetu, na majira yao ya baridi inakuwa saa saba. Uliza simu ipi inakuhitaji wewe kwa kweli na ipi inahitaji tu kwamba nyaraka na namba za kuingilia kikao ziwe zimetumwa kabla hujashuka Ruaka. Nadhani nyingi zitakuwa za aina ya pili. Zitakazobaki ziombewe idhini ya saa za ziada mapema, kwa maandishi. Katika taratibu za Umoja wa Mataifa, mfanyakazi wa ngazi za G, yaani za utumishi wa jumla, anayeagizwa kufanya kazi kupita saa zake hufidiwa, kwa mapumziko au kwa malipo. Sidhani umewahi kudai hata siku moja.

Kuacha kazi? Mwambie baba watoto asubiri kidogo. Usiondoke ukiwa na zile safari tatu nyuma yako, na usiondoke bila kuandika ulichofanya miaka kumi na moja. Tathmini kwenye Sekretarieti huanza Aprili na kuishia Machi. Kama kwenu ni hivyo, anza sasa kuweka hesabu: safari ngapi, vikao vya nchi ngapi, wakurugenzi wangapi wapya uliowafundisha taratibu walipofika hawajui hata fomu ya posho. Kutoka ngazi za G kwenda P, yaani za wataalamu, ndani ya Sekretarieti mlango ni mwembamba na una mtihani, lakini mashirika mengine yana taratibu zao. Tangu ilipoamuliwa mwaka 1972 kwamba shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa liwe na makao Nairobi, mji huu umelea vizazi vya wanawake wa kazi yako. Wengi wamestaafu na wako hapa hapa. Mtafute mmoja, mkae mchana mzima. Atakuambia mambo ambayo hakuna mwongozo wa ofisi unaoyaandika.

Umeuliza kama wewe ni mwoga. Mwoga asingeniandikia kuhusu zile safari. Angeishia kwenye malalamiko ya tiketi.

Mkurugenzi akishajibu ile barua pepe ya kwanza, niandikie, hata kama jibu lake ni la hasira.