Uchafu ni Kule Kuchanganya: Somo Juu ya Taka za Jikoni na Nyungunyungu

Ndugu zetu wa Timbwani na wa Likoni yote,

Katika darasa letu tulipozungumza juu ya haki za jirani, mmoja wa wanafunzi alituuliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake tayari. Alisema: "Nikiisha kuitoa ndoo ya taka mlangoni pangu, je, nimetoka katika dhima, au nimeihamishia dhima kwa mwingine?" Tuliona kwamba swali hili halistahili kujibiwa kwa neno moja, ndipo tukaliandalia somo hili.

Kwanza na tuitazame ndoo yenyewe. Ndani yake mna maganda ya ndizi, ya muhogo na ya maembe, vikonyo vya mchicha, chicha la nazi na majani ya chai. Juu yake tumetupa chupa za plastiki, nepi za mtoto, mikebe na mawe ya tochi yaliyokwisha. Katika miji ya Kenya, zaidi ya nusu ya taka zitokazo majumbani ni zile za aina ya kwanza, yaani zinazooza. Ganda la ndizi likiwa peke yake si uchafu. Ni chakula cha mbuzi, au ni chakula cha ardhi. Chupa nayo ikiwa peke yake yamfaa mwokotaji, ambaye huipeleka ikauzwa. Lakini vikiisha kuchanganywa, ganda haliwezi tena kurudi shambani kwa kuwa limeshikana na sumu, wala chupa haishikiki kwa kuwa imepakwa uozo. Basi uchafu haukuumbwa katika vitu hivi. Uchafu ni kule kuchanganya kwetu.

Na huko ziendako taka, nini huwa? Jaa la Shonda, hapa hapa Likoni, ni wachache kati yetu wasiolijua. Vitu vinavyooza vikirundikwa vikakosa hewa, hutoa gesi ya methani, nayo ni gesi ishikayo moto upesi na izidishayo joto la dunia. Tena hutoa maji meusi yanayoshuka chini kidogo kidogo. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji: kilicho juu leo, kesho kiko chini. Na wengi wetu upande huu bado twateka visimani. Kwa hiyo tunachokitupa kwa mkono mmoja, huenda tukakinywa kwa mkono wa pili. Au atakinywa jirani, na hilo ni baya zaidi.

Serikali nayo imelitambua jambo hili. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ya mwaka 2022, yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza tangu nyumbani. Lakini sheria haiingii jikoni. Tuingiao jikoni ni sisi. Tukiisha kutenga, twafanyeje na ile ndoo ya maganda? Hapo ndipo yampasa msomaji amjue mfanyakazi mdogo aitwaye nyungunyungu.

Watu wengi humwona nyungunyungu kuwa ni chambo cha kuvulia samaki tu. Mwanachuoni wa Kiingereza, Charles Darwin, hakumdharau. Alimchungua kwa miaka mingi, na mwaka 1881 akatoa kitabu kizima juu yake, akaonyesha kwamba udongo mzuri wa juu hupita na kupita tena tumboni mwa viumbe hawa. Nyungunyungu hana meno wala mapafu. Hupumua kwa ngozi, na kwa hivyo ngozi yake ikikauka hufa. Husaga chakula katika firigisi kwa chembe za mchanga alizozimeza, kama afanyavyo kuku. Wala hali ganda likiwa bichi. Hungoja vijidudu visivyoonekana kwa macho vililainishe, kisha hula vyote pamoja. Kitokacho kwake ndiyo mboji, nyeusi, isiyo na harufu mbaya.

Sasa tueleze namna ya kumfuga. Twaa ndoo mbili za lita 20. Moja itoboe matundu madogo chini na ubavuni karibu na kifuniko, kisha itie ndani ya ile ya pili, ili maji yatakayochuruzika yapokewe. Tandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, au magazeti na makatoni yaliyochanwa, yajae hadi nusu. Makumbi yaliyolowekwa baharini yaoshwe kwanza kwa maji baridi mara kadhaa, kwani chumvi humuua nyungunyungu. Matandiko yawe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa: ukiyafinya mkononi yatoe tone moja au mawili, yasizidi. Tia konzi moja ya udongo wenye mchanga, kwa ajili ya firigisi zao.

Si kila nyungunyungu afaa. Yule akaaye chini sana ardhini hapendi kufungwa. Atakiwaye ni yule aishiye juu juu katika samadi na uozo. Mwekundu mwembamba, ambaye ndiye afugwaye na wakulima wengi, hudhoofika joto likipita nyuzi 30, na sisi twaijua miezi ya Februari na Machi ilivyo. Yuko mwingine mkubwa zaidi, asili yake Afrika ya Magharibi, avumiliaye joto vizuri zaidi. Awe yupi, ndoo yake iwekwe kivulini, penye upepo, wala isipigwe na jua hata saa moja.

Nyungunyungu waliokwisha kuzoea hula kwa siku kiasi cha nusu ya uzito wao, na mara nyingi pungufu ya hapo. Basi robo kilo ya nyungunyungu wasipewe zaidi ya gramu 125 za maganda kwa siku, na majuma ya mwanzo wapewe nusu ya hizo. Maganda yakatwe madogo na yafukiwe chini ya matandiko, nzi wasiyapate. Wasipewe nyama, samaki, mafuta, chumvi, pilipili, wala ndimu na machungwa kwa wingi. Ndoo iinuliwe juu ya matofali yaliyosimama ndani ya sahani za maji, chungu wasipande.

Sisi wenyewe tulipoanza tulikosea. Tuliwapa masazo ya pilau la harusi, pamoja na mafuta na chumvi yake, tukaiacha ndoo uani penye jua. Juma halikuisha wote walikuwa wamekufa, na harufu ikawafikia majirani, yaani watu wale wale ambao kwa ajili yao tulianza kazi hii. Tuliwaendea tukawataka radhi. Tulijifunza mambo mawili. La kwanza, amfungiaye kiumbe ana dhima ya chakula chake na uhai wake, japokuwa ni nyungunyungu. La pili, masazo ya pilau si taka. Dawa yake ni kupika kwa kiasi na kumpelekea mwenye njaa chakula kingali kizuri. Nyungunyungu ni wa maganda; hakuja kutufunikia israfu ya karamu zetu.

Baada ya miezi miwili au mitatu, mboji huwa tayari. Isogeze upande mmoja wa ndoo, weka matandiko mapya na maganda upande wa pili, nao watahama wenyewe. Changanya fungu moja la mboji na mafungu manne ya mchanga wetu, upande mchicha katika makopo, au mrehani na asumini mlangoni. Mchanga uliokuwa haushiki maji utayashika.

Huenda mtu akauliza: je, mboji hii si najisi? Twajibu: katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, choo cha mnyama huhesabiwa kuwa ni najisi, lakini kutia samadi katika shamba kwaruhusiwa, na mmea unaoota humo hauwi najisi. Ikiwa jani limepakwa, huoshwa. Basi aoshe mikono yake na mboga zake, na nguo ya kuswalia asiivae kazini. Hapana uzito zaidi ya huo.

Sasa twamrudia muulizaji wetu. Ewe ndugu, ukiitoa ndoo iliyochanganywa, hukutoka katika dhima. Umeihamisha tu, imekwenda kwa mwokotaji, na kwa kisima cha mtu usiyemjua. Ukiisha kutenga, ukairudishia ardhi iliyo yake, ndoo inayobaki huwa nyepesi, kavu, na haina harufu. Hiyo waweza kuitoa mlangoni bila ya kuona haya. Aanze kila mmoja na ndoo moja ya ziada jikoni, hata kabla ya kumpata nyungunyungu, na watoto ndio wapewe kazi ya kutenga, kwani wakizoea wao, nyumba nzima itazoea.

Na Mwenyezi Mungu ndiye wa kutuwezesha.