Jiandae Kabla ya Msimu: Mazoezi ya Nguvu kwa Dumu, Kigoda na Tyubu ya Baiskeli

Mkulima wa mpunga wa Bonde la Kilombero akihimizwa kufanya mazoezi ya nguvu, huuliza: kwani jembe si mazoezi? Ni mazoezi, tena magumu. Tatizo ni kwamba kazi ya shamba huja kwa mkupuo. Wakati wa mavuno watu huinama na mundu kutwa nzima, hupiga mpunga, hubeba magunia. Kisha miezi inapita mwili ukiwa umepoa. Mvua zikirudi, mgongo huohuo unadaiwa kazi ya siku nzima tangu siku ya kwanza, na kiuno kinakaza. Fundi cherehani wa sokoni Ifakara, au dereva wa bodaboda anayevuka Daraja la Magufuli kwenda Ulanga, yeye hukaa mwaka mzima. Kijitabu hiki ni chao wote.

Mpango wa wiki

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aimarishe misuli mikubwa ya mwili angalau siku 2 kwa wiki. Chagua siku zisizofuatana, mfano Jumanne na Ijumaa, nusu saa kila siku. Mwezi mzuri wa kuanza ni Septemba, kabla ya kazi za shamba kuanza.

Fanya asubuhi, saa 12 hadi saa 1, jua halijawa kali. Jioni uwanjani kuna mbu wanaouma kabla watu hawajaingia kwenye chandarua, jambo ambalo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamelifuatilia kwa miaka.

Vifaa na mazoezi

Lita 1 ya maji ina kilo 1. Kwa hiyo dumu la lita 20 ni chombo bora cha mazoezi: unaanza na lita 5, unaongeza kidogo kidogo, na hununui kitu.

Kaa kwenye kigoda kisha inuka bila kushika chochote. Kigoda kikiwa kifupi mno, tumia kiti. Piga pushapu ukiegemea ukuta, na ukizoea, shuka chini. Funga tyubu kuukuu kwenye nguzo imara, uivute hadi mbavuni, mabega yakirudi nyuma. Zoezi hili hufidia siku nyingi za kuinama.

Kuinua dumu ndiko tunakotaka ukujue vizuri kuliko yote. Simama dumu likiwa katikati ya nyayo zako, si mbele yako. Peleka makalio nyuma, kama mtu anayesukuma mlango kwa makalio mikono yake ikiwa imebeba sinia. Magoti yakunjike kidogo, mgongo unyooke kuanzia kiunoni hadi shingoni. Shika, kaza tumbo, simama huku ukitoa pumzi, dumu likipanda karibu na miguu. Mgongo ukianza kupinda, uzito umezidi: punguza maji.

Kila zoezi lifanye mara 8 hadi 12, pumzika dakika 2, rudia mara moja. Ukimaliza mara 12 bila taabu kwa siku 2 za mazoezi, ongeza lita 1.

Tahadhari

Mwenye shinikizo la damu, mjamzito au mwenye ngiri aonane kwanza na mhudumu wa afya. Mwenye kifafa, ugonjwa unaozisumbua familia nyingi upande wa Mahenge, afanye mazoezi akiwa na mtu karibu, wala asiinue kitu juu ya kichwa. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au ganzi mguuni: acha mara moja, nenda kituo cha afya.

Na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kilo 100 kinyume cha sheria ya vipimo, hakuna mazoezi yanayomwandaa mtu kulibeba peke yake. Likatae, au ligawe.

Mavuno yakifika, pumzisha zoezi la dumu, maana mgongo una kazi ya kutosha. Baki na tyubu na ukuta, siku 1 kwa wiki, hadi mpunga uingie ghalani.