Maafa Yanapofika, Nani Afanye Nini?



Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Matope, mawe na magogo yalishuka hadi mji mdogo wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walifariki. Misaada ilifika kutoka mbali. Lakini katika saa za kwanza za maafa yoyote, aliye karibu ni jirani na mwenyekiti wa kijiji.

Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Kamati ya kijiji si ya kugawa mahindi tu, kama wengi tunavyodhani. Kazi yake kubwa huja kabla: kujua nani anakaa bondeni, bibi yupi hawezi kutembea, mama gani anakaribia kujifungua, na watu watakimbilia wapi. Je, kijijini kwenu kamati hiyo ipo? Ulizeni katika mkutano mkuu wa kijiji, mvua hazijaanza.

Sisi wauguzi tunaogopa zaidi siku zinazofuata. Mafuriko yakijaza vyoo, kinyesi huingia visimani na kipindupindu chaweza kuzuka. Watu waliohifadhiwa shuleni wanahitaji angalau lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Mwalimu mkuu hawezi kuyapanga hayo peke yake usiku wa manane. Kamati iyapange mapema pamoja na afisa afya.

Nyumbani, chemsheni maji ya kunywa. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi, ni hatari kwa mtoto. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Akiharisha kama maji ya mchele, mkimbizeni zahanati huku mkimnywesha njiani.

Wenye dawa za kila siku, za kifua kikuu, kisukari, presha au za kufubaza virusi vya UKIMWI, waziweke pamoja na kadi ya kliniki ndani ya kopo lenye mfuniko, karibu na mlango. Aliyekimbia bila dawa amwambie muuguzi wa kambi siku hiyohiyo, bila kuona aibu.