NAMNA YA KUPIMA MOSHI WA TUMBAKO NYUMBANI



Tunajua wote kwamba mwenye kuvuta tumbako anaharibu mapafu yake. Lakini yule asiyevuta, anayekaa naye mu nyumba moja, yeye pia anakula moshi ule. Watoto wadogo wanashikwa zaidi na kikohozi, nimonia na ugonjwa wa masikio. Wakubwa wanaweza kupata ugonjwa wa moyo na kansere ya mapafu. Kansere haitoki kwa moshi wa siku moja, inatoka kwa moshi wa miaka. Basi tunajiuliza: miaka ya moshi inapimwa namna gani?

1. MKOJO NA MATE

Mu tumbako kuko sumu inayoitwa nikotini. Ikiingia mwilini inageuka kuwa kotinini, na watu wa labo wanaweza kuiona mu mkojo ao mu mate, hata ya mtu asiyevuta. Faida yake ni hii: moshi wa makala na kuni hauna nikotini. Mashine ya kupima vumbi la hewa inachanganya mbabula ya mama na sigara ya baba, kotinini haichanganyi.

Sasa tufanye hesabu. Mu mwili wa mtu mkubwa kotinini inapunguka nusu kila masaa 16 ao zaidi kidogo. Tukamate 16. Baba akienda safari siku 4, ni masaa 96, na 96 : 16 = 6. Nusu ya nusu mara sita inabakia 1/64. Mama akipimwa siku ile, karibu hakuna kitu kitakachoonekana, na pengine amekula moshi miaka 20! Mkojo unajua habari za siku chache tu.

2. UNYWELE

Unywele unakomea kadiri santimetre 1 kwa mwezi, na nikotini inabakia ndani yake. Santimetre 3 karibu na ngozi ya kichwa zinaeleza miezi 3 iliyopita. Ni vizuri kuliko mkojo. Lakini moshi unashika unywele toka inje pia, na mtoto aliyenyolewa kichwa hana kitu cha kupima.

3. MAULIZO

Kwa miaka mingi, kunabakia kumuuliza mtu. Mu Japani, munganga Takeshi Hirayama alifuata wanawake 91.540 wasiovuta, wenye miaka 40 na zaidi, toka 1966 mpaka 1979. Aliwapanga kwa jibu la ulizo moja: bwana yako anavuta namna gani? Mwaka 1981 alitangaza kwamba wake za wavutaji wa sigara 20 kwa siku ao zaidi walikufa kwa kansere ya mapafu karibu mara mbili kuliko wake za wasiovuta. Wengine walibishana naye: bwana anaweza kuvuta kazini, na mke anaweza kupata moshi fasi ingine. Hawakukosea kuuliza hivi. Lakini wapimaji wengine walifuata, na mwaka 1986 Munganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alihakikisha kwamba moshi wa wengine unaleta kansere ya mapafu kwa wasiovuta.

Ulizo zuri linagawanya maisha: mbele ya masomo, wakati wa primere, wakati wa sekondere. Kwa kila nyumba tunaandika nani alivuta, ndani ao inje, masaa ngapi. Kwa mfano, masaa 3 kila mangaribi, siku 300 kwa mwaka, miaka 10: 3 × 300 × 10 = masaa 9.000.

Tuangalie neno moja. Kwetu, mu jamaa nyingi za kanisa, tumbako ni haya. Mtoto ataogopa kumsema baba yake, na mama atasema “hapana”. Basi hatuulizi “Nani ana kosa?” Tunauliza “Moshi uko fasi gani watoto wanalala?” Jibu la uongo linaharibu hesabu yote.

Kwa kifupi: mkojo unashika siku, unywele unashika miezi, maulizo yanashika miaka. Mpimaji mwenye akili anavitumia pamoja.

ZOEZI

a) Kotinini inabakia kiasi gani nyuma ya masaa 48?
b) Babu alivuta kiko ndani ya nyumba masaa 2 kwa siku, siku 365, miaka 6. Ni masaa ngapi?
c) Sababu gani kufungua dirisha hakuondoi moshi wote? Mzungumze mu darasa.