Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

*Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Juzi juzi nilinunua lenzi ya 150-600 iliyotumika kutoka kwa dereva mwenzangu, kwa pesa ambazo mama watoto alitaka tumalizie paa. Tangu hapo picha zangu zote zina ukungu: simba, duma, hata chui niliyemngoja nusu siku. Kamera ni ya DSLR, yenye sensa ndogo. Mwenzangu anaapa lenzi ni nzima, na sasa hatusalimiani. Nimeambatanisha picha tatu. Je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Na nikiongeza konveta ya kukuza mara mbili, picha zitatulia?*

*Dereva Mwenye Kinyongo*

Ndugu Dereva, pole sana. Nimezifungua picha zako kwenye kompyuta na kuzikuza hadi asilimia 100. Kabla hujamfuata mwenzako kwa maneno mengine, nisikilize: picha zako tatu zina ukungu wa aina tatu, na lenzi mbovu haina kawaida ya kubadilisha ugonjwa kila siku.

Tuanze na simba jike. Achana kwanza na uso wake, tazama nyasi. Kuna bua moja limesimama mbele ya shavu lake, nalo limetoka safi hadi vinyweleo vyake vinahesabika. Lenzi iliyoweza hivyo haijafa. Kilichotokea ni kwamba uliiachia kamera ichague yenyewe kati ya visanduku vyote vya fokasi, nayo mara nyingi hukimbilia kilicho karibu na chenye mistari iliyokolea. Chagua kisanduku kimoja, cha katikati kwa kuanzia, kiweke juu ya jicho. Nyasi zikiwa nene hata hicho kinaweza kudanganyika, kwa sababu eneo linalosomwa huwa kubwa kidogo kuliko mraba unaouona. Hapo tafuta sehemu ya mwili wake iliyo wazi na iliyo umbali sawa na jicho, ufokasi hapo, au umalizie kwa mkono kwa kuzungusha ringi.

Na usidhani bua lile lilikuwa mbali na uso. Kwa kamera yako, ukiwa kwenye milimita 600 na f/6.3, mnyama akiwa mita 10, eneo linalotoka safi lina kina cha sentimita 7 hivi, mbele na nyuma kwa jumla. Pua na jicho la simba aliyekugeukia haviingii humo. Kubana hadi f/11 kunakupa kama sentimita 12, tena kwa gharama ya mwanga mwingi. Lakini rudisha zumu hadi 300, gari likiwa palepale na f/6.3 ileile, utapata karibu sentimita 28. Wenye lenzi ndefu wengi hawataki kusikia hili. Wameilipia 600, basi wanaishi kwenye 600. Simba akiwa mita 10, mpunguzie. Utapata uso wote na shingo, na picha itapumua.

Duma juu ya kichuguu ni habari nyingine. Hapo hakuna kilichotoka safi popote, si duma, si kichuguu, si majani, na mstari wa mgongo wake umepindapinda. Kumbukumbu ya kamera inaonyesha saa saba na dakika ishirini mchana, naye yuko mbali sana. Hiyo ni hewa. Ardhi ikishika moto, hewa ya juu yake hupanda kwa mawimbi ya joto tofauti, mwanga unapinda njiani, na fokasi nayo inayumba kwa kuwa haioni ukingo wa kushika. Hata lenzi ya bei ya gari isingekusaidia. Huo ni muda wa kuwafungulia wageni maboksi ya chakula. Wapige duma wa mbali asubuhi, kabla ya saa tatu, na uepuke kupiga juu ya boneti iliyotoka kukimbia, maana nayo inatoa mawimbi yake.

Chui ndiye aliyenisikitisha, maana mkao wake ni mzuri kweli. Angalia zile nukta za mwanga machoni mwake: zimekuwa vijistari, vyote vimelalia upande mmoja. Huo ni mtikisiko. Ulipiga kwa 1/160 ukiwa kwenye 600, na nina wasiwasi injini ilikuwa inanguruma au mgeni mmoja alikuwa anabadilisha kiti. Zima gari, omba watu watulie, weka lenzi juu ya mfuko wa maharage kwenye ukingo wa paa, kisha panda hadi 1/1000. ISO ikifika 1600 au 3200 iache ifike. Kitulizi kilichomo ndani ya lenzi kinapunguza mtikisiko wako, ila hakimzuii chui kugeuza kichwa.

Konveta usinunue. Inakula stopu mbili za mwanga, kwa hiyo f/6.3 yako inakuwa kama f/13, na kwenye DSLR nyingi fokasi ya otomatiki haifanyi kazi kwenye giza hilo. Mtikisiko nao unakuzwa pamoja na mnyama.

Hata hivyo, picha tatu hazitoshi kuitakasa lenzi kabisa. Mwite mwenzako nyumbani asubuhi moja, mfanye jaribio pamoja. Kama umeweka filta ya bei rahisi mbele ya kioo, itoe kwanza. Kwenye lenzi ndefu filta mbovu peke yake inatosha kuharibu picha. Pangeni chupa za soda kivulini kwa mshazari, kila moja ikiwa nyuma ya mwenzake kidogo, kamera ikiwa umbali wa mita 10, juu ya stendi imara, kitulizi kimezimwa, ikijipiga yenyewe baada ya sekunde 2. Fokasi kwenye lebo ya chupa ya katikati. Piga picha kadhaa ukitazama kwa tundu la jicho, kila mara ukivuruga fokasi kwanza, kisha rudia kwa kutumia skrini ya nyuma.

Skrini ikitoa chupa ya katikati safi, lakini tundu likawa linaangukia chupa ya mbele kila mara, au ya nyuma kila mara, basi kioo cha lenzi ni kizima. DSLR hutumia sensa ya pembeni kufokasi unapotazama kwa tundu, na sensa hiyo na lenzi yako hazijapatana. Baadhi ya kamera zina menyu ya kurekebisha hilo. Kama yako haina, mpelekee fundi. Zikishindwa njia zote mbili, hata kwa f/11, na hakuna chupa hata moja iliyotoka safi, kuna kioo kilichohama ndani. Hapo mrudishie lenzi yake siku hiyohiyo, picha za chupa zikiwa bado kwenye kadi.